Kopo la Vibati

Muuzaji wa Dar alinipigia mara tatu:
"Chukua kikubwa, fundi. Kikubwa hakikosi kazi."
Nikamwuliza, wewe huvaa viatu vya baba yako
kwenda sokoni?
Akakata simu.

Mashine yangu ya kukereza ni ndogo,
imefungwa bolti nne juu ya meza ya mninga
hapa Kizota, nyuma ya ghala la alizeti,
na kila Agosti upepo huilisha vumbi hadi kwenye meno ya gia.
Nilipima kwa rula, nikarudia kwa kalipa:
kutoka mgongo wa kitelezi hadi ncha ya senta
milimita ishirini na tatu. Basi.
Kishika-kisu kikubwa kingekipandisha kisu juu ya senta
na hapo hakuna nati ya kukishusha.
Kifupi huinuliwa. Kirefu utakifanya nini?

Miaka kumi na tisa nilikula kwa kile cha zamani,
cha pembe nne, alichoniachia Ndahani
pamoja na kopo la siagi lililojaa vibati:
bati la samaki, bati la maziwa,
wembe uliokufa,
karatasi ya sigara kwa siku za ubishi.
Kila kisu kilikuwa na godoro lake.
Ndahani akichagua vibati husimulia,
treni iliyolala Gulwe siku nne, mke wa kwanza, mke wa pili,
na kisu kikija kukaa sawa
hadithi imeshafika Saranda.

Kipya kilikuja kwa basi ndani ya boksi la tambi,
kimepakwa grisi kama mtoto aliyepakwa mafuta.
Cha kabari, si cha pistoni;
niliongeza elfu arobaini na sikujuta,
maana kabari huvuta mbavu zote mbili zikakumbatia,
pistoni husukuma tu, kama mgeni mlangoni.

Lakini nati yake ya mabega ikaukataa mfereji wetu.
Nene.
Nyemo akasema, "Turudishe."
Nikampa tupa.
Siku mbili akakila chuma kile punje kwa punje,
anapaka wino, anajaribu, anachomoa;
palipong'aa ndipo palipobisha.
Viganja vikamvimba, hakuniambia.

Na bolti ya katikati ilikuwa fupi.
Ya kununua haikuwepo, nilizunguka Majengo mpaka adhana.
Ikabidi nimrudie mzee wa pembe nne:
nikamfunga, nikamtandikia vibati vitatu na wembe,
akachonga bolti mpya, akakata na uzi wake,
taratibu, bila kutetemeka hata kidogo.
Mguu wa atakayemrithi.
Nikamfungua, nikamfuta kwa dizeli.
Sikusema neno. Ni chuma.

Cha kwanza kwenye kipya: rula.
Niliibana kati ya ncha ya kisu na nondo iliyo duara.
Ikalala kwangu; kisu kiko chini.
Nikazungusha pete robo.
Ikalala upande wa pili.
Nikarudisha unywele mmoja
na rula ikasimama wima, kama mtu aliyeitwa jina.

Tulikuwa na shafti ya pampu ya kisima cha Mvumi,
mwenyewe ameketi juu ya ndoo, analaumu jua.
Tukasawazisha uso wa shafti hadi katikati
na hakikubaki kitovu, hata cha kupapasa kwa ukucha.
"Cha kukatia," nikasema.
Klak. Nyemo alishabadilisha.
"Cha uzi."
Klak.
Chai yangu bado inafuka.

Jioni akauliza kopo liende wapi.
Nikalimwaga mezani. Kwenye bati moja
Ndahani alikwaruza kwa msumari: YA UZI USIPOTEZE.
Nyemo akaligeuza, akalisoma mara mbili,
akainama, akalichomeka chini ya mguu wa meza
uliokuwa ukicheza tangu nihamie.
Meza ikatulia.

Nikavuta stuli.
"Sasa, ile treni ya Gulwe," nikaanza,
"siku ya kwanza watu walidhani..."

"Tayari, fundi," akasema.
"Kisu kimekaa."